Simba wa Jezi na Simba wa Porini: Mjadala juu ya Sanaa, Watoto wa Msimbazi na Uhifadhi

MWALIMU WA SANAA: Hoja ya msingi ni kwamba mtoto hawezi kukilinda kitu ambacho jicho lake halijawahi kutua juu yake, na hakuna zoezi linalolituliza jicho kama kuchora. Mtoto anayeambiwa amchore kobe hulazimika kujiuliza mambo ambayo maelezo ya kitabu humruhusu kuyaruka: magamba ya mgongoni yamepangwaje, shingo huingilia wapi, miguu ya mbele inatofautianaje na ya nyuma. Zoezi hilo huitwa uchoraji wa kutazama, yaani uchoraji ambao mchoraji hufuata kilichopo mbele yake badala ya picha aliyoikariri, nalo linastahili kuwa kiini cha somo la Sanaa na Michezo lililomo katika mtaala wa shule za msingi ulioboreshwa mwaka 2023. Nafasi kwenye ratiba imekwisha kupatikana. Kilichobaki ni kuamua kichorwe nini, na watoto wa shule za Kariakoo na Ilala wana kila sababu ya kuanza na wanyama wa nchi yao.

MFANYABIASHARA WA KARIAKOO: Wanyama wa nchi yao wamekwisha kuwajaa machoni, Mwalimu. Noti ya shilingi 2,000 ina simba, ya 5,000 ina faru na ya 10,000 ina tembo, hivyo hakuna mahali nchini ambapo faru hupita mikononi mwa watu kwa wingi kama maduka ya Mtaa wa Kongo. Klabu ya mpira yenye makao yake Mtaa wa Msimbazi, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuchukua jina la Simba mwaka 1971, imemweka mnyama huyo kwenye kuta, bendera, bodaboda na fulana, na mtoto wa Gerezani humchora simba mwenye jezi nyekundu kabla hajajua kuandika jina lake mwenyewe. (Watani wao wa Jangwani nao makao yao yapo kwenye Mtaa wa Twiga, lakini jambo hilo halijawaongezea twiga hata mmoja.) Kama picha ya mnyama ingezaa uhifadhi, Kariakoo ingekwisha kutangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mapenzi yapo tele, ila yanaishia kwenye lango la uwanja wa mpira.

AFISA WANYAMAPORI: Mama wa Kariakoo anachanganya nembo na mnyama kielelezo. Nembo huwakilisha watu walioichagua, na simba wa jezi hamaanishi chochote zaidi ya wachezaji na mashabiki wao. Mnyama kielelezo ni yule anayechaguliwa kwa mvuto wake ili abebe hoja ya uhifadhi kwa niaba ya viumbe wengine wasiovutia, na picha yake huambatana na maelezo ya mahali anapoishi, chakula anachokula na hatari inayomkabili. Penye maelezo hayo matokeo yameonekana. Popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana kokote duniani nje ya kisiwa hicho, alikuwa amebaki kwa idadi ya kutisha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa misitu, kisha elimu mashuleni na vikundi vya vijiji kama kile cha Kidike vikamgeuza kutoka kitoweo hadi fahari ya wenyeji, na leo anahesabiwa kwa maelfu mengi. Jijini Dar es Salaam kwenyewe ndiko ulikoanzia mpango wa vijana wa Roots & Shoots mwaka 1991, pale Jane Goodall, aliyekuwa ameanza kuwachunguza sokwe wa Gombe tangu mwaka 1960, alipokutana na kundi dogo la wanafunzi waliotaka kufanya jambo katika mazingira yao. Klabu za Malihai nazo zimefanya kazi ya namna hiyo katika shule za nchi nzima. Kuchora na kuimba vimekuwa chombo cha kazi hiyo tangu mwanzo.

MFANYABIASHARA: Tarehe hiyo ya 1991 inastahili kuwekwa kando ya takwimu nyingine. Sensa za serikali zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walikuwa 109,051 mwaka 2009, na kufikia mwaka 2014 walikuwa wamebaki 43,330. Kizazi kilichokuwa shuleni wakati klabu hizo zinaanzishwa ndicho kilichokuwa kimefikia umri wa kuwa maaskari, makarani, madereva na mawakala wa bandari katika miaka hiyo mitano, na upungufu wa asilimia 60 ukapita mbele ya macho yake. Kilichopunguza mauaji hakikuwa penseli za rangi. Ni upelelezi, ni doria, na ni hukumu kama ile ya Mahakama ya Kisutu ya Februari 2019, iliyompeleka jela miaka 15 mfanyabiashara wa Kichina Yang Fenglan, aliyekuwa maarufu kwa jina la Malkia wa Pembe za Ndovu. Kutoka Kariakoo hadi Kisutu ni mwendo wa miguu. Anayetaka kumfundisha mtoto uhifadhi ampeleke akasikilize kesi.

AFISA WANYAMAPORI: Takwimu hizo hazina mpinzani, na idara yoyote ya wanyamapori inazisoma kwa aibu. Hata hivyo, hakuna aliyedai kwamba elimu ya mtoto ni mbadala wa bunduki ya askari. Doria hushughulika na mwaka huu, na elimu hushughulika na mwaka wa ishirini kutoka sasa. Kuilaumu elimu kwa tembo waliouawa ni kumdai mpanzi mavuno ya shamba lililochomwa moto na mtu mwingine.

MWALIMU WA SANAA: Jibu hilo ni la upole kupita kiasi. Swali gumu zaidi ni wapi pembe zile zilipita. Mwezi Novemba 2013 vipande 706 vya pembe za ndovu vilikutwa ndani ya nyumba moja Mikocheni, vikiwa vimefichwa pamoja na makombe ya konokono na vitunguu saumu, na shehena kubwa kama hiyo haipai angani kutoka porini hadi mjini: inapakiwa, inapakuliwa, inapimwa, inafungwa magunia, na kila hatua ina mtu anayeona na kunyamaza. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mlango wa biashara hiyo, na wakazi wake hawakuwa na uhusiano wowote na tembo zaidi ya noti ya 10,000. Kwa hiyo hoja ya Mama inaunga mkono upande anaoupinga. Mtoto wa kijiji kilicho kando ya hifadhi anamjua tembo kwa hasara na kwa faida. Mtoto wa mjini, ambaye kesho atakuwa karani wa bandarini, hana anachomjua nacho, na sanaa ndiyo njia ya gharama ndogo ya kumpa uhusiano huo, kwa kuwa safari ya kwenda Mikumi, hata baada ya treni ya umeme kuanza kwenda Morogoro mwaka 2024, bado ni gharama ambayo familia ya machinga haiwezi kuibeba kwa watoto wanne.

MCHORAJI: Kabla mjadala haujasonga mbele, jambo moja kuhusu gharama ndogo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa jijini mwaka 1968 hivi, kwa rangi za mafuta zilizotumika kupaka baiskeli na juu ya vipande vya ubao mwembamba wa kushindiliwa, ule wa kutengenezea dari. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi aliowaacha waliuendeleza mtindo unaobeba jina lake mpaka leo, na mtindo huo umejaa chui, tembo, viboko na ndege wenye shingo ndefu kuliko ukweli. Wanyama hao hawakuchorwa kwa kutazama. Walichorwa kwa kumbukumbu na kwa masimulizi ya mtu aliyetoka katika wilaya iliyo kwenye ushoroba wa wanyama kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, ushoroba ukiwa ni njia ambayo makundi ya wanyama hupitia kutoka eneo moja la hifadhi kwenda jingine. Mwalimu anapotaka magamba ya kobe yahesabiwe, anafundisha sayansi kwa kalamu ya rangi, na hilo si kosa, lakini lisiitwe sanaa. Sanaa ya nchi hii ilianza na mnyama anayekumbukwa.

MWALIMU WA SANAA: Mzee anasahau kwamba mtu hukumbuka alichowahi kukiona. Tingatinga alikuwa na Tunduru kichwani. Mtoto wa Mchikichini ana nini kichwani mwake? Ana simba wa jezi na katuni za runinga. Akiruhusiwa kuchora kwa kumbukumbu tu, atarudufisha nembo, na hapo Mama wa Kariakoo atakuwa ameshinda mjadala.

MCHORAJI: Na akichora kwa kutazama, atamtazama nani, ikiwa hakuna mnyama darasani? Atapewa picha ya mnyama iliyopigwa na mtalii. Hilo ndilo lililoupata mtindo wa Tingatinga kwa upande wa soko: wanunuzi wake wa kwanza walikuwa kwa sehemu kubwa wageni wa Oysterbay, wageni walitaka wanyama, na wachoraji wakawapa wanyama, mpaka ikafika mahali ambapo tembo mwenye Mlima Kilimanjaro nyuma yake huchorwa na kijana ambaye hajamwona tembo wala mlima. Kijana huyo analisha familia yake kwa kazi hiyo na hastahili dharau ya mtu yeyote. Ila isidhaniwe kwamba mkono uliochora tembo 1,000 umejifunza chochote kuhusu tembo. Umejifunza mteja.

MFANYABIASHARA: Mzee amefika kwenye kiini cha wasiwasi wa wazazi wengi. Mnyama anayeletwa darasani ni mnyama wa mgeni, yaani yule anayetazamwa kutoka juu ya gari, mwenye afya, mwenye machweo mgongoni, na asiye na binadamu karibu naye. Wakazi wengi wa Kariakoo wana asili ya Rufiji, Kilwa na Lindi, na katika nchi hizo simba ana historia nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba simba waliwaua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania kati ya 1990 na 2004, wengi wao kusini na katika ukanda wa pwani, na Rufiji peke yake ilizika makumi ya watu katika kipindi cha 2002 hadi 2004. Mtoto ambaye nyanya yake alilala kwenye dungu kulinda mpunga akiambiwa amchore simba kama rafiki, anafundishwa kwamba woga wa nyanya yake ulikuwa ujinga. Serikali yenyewe inautambua msiba huo, ndiyo maana zipo kanuni za 2011 za kifuta jasho, kinacholipwa kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa, na kifuta machozi, kinacholipwa kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Je, kuna kitabu chochote cha picha za watoto kinachomwonyesha mtu akipokea kifuta machozi?

AFISA WANYAMAPORI: Hakuna sababu ya kumwonyesha mtoto wa miaka minane maiti.

MFANYABIASHARA: Hakuna aliyetaja maiti. Kilichotajwa ni binadamu. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Wamaasai waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa mwaka 1959, kisha tangu Juni 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Mtu anaweza kuunga mkono au kupinga uhamisho huo, na watu wazima wenye akili wamegawanyika juu yake. Lakini mtoto anayechora mbuga tupu kila Ijumaa kwa miaka sita anakuwa amekwisha kuuamua mgogoro huo kabla hajausikia, kwa sababu mkono wake umezoea nchi isiyo na mtu. Hayo si mafunzo ya sanaa, ni kura iliyopigwa na asiyejua kama anapiga kura.

AFISA WANYAMAPORI: Hoja hiyo ni nzito, na itakuwa si haki kuijibu kwa haraka. Uhifadhi wa Tanzania ulijengwa kwa lugha ya urithi wa wote; Tamko la Arusha la Septemba 1961, lililotolewa kwa jina la Mwalimu Nyerere miezi michache kabla ya uhuru, liliwaweka wanyama chini ya dhamana ya taifa zima, na taifa hilo lilijumuisha wanaoishi nao. Ikiwa picha za watoto zimemwondoa binadamu, basi zimelipunguza tamko. Lakini suluhisho la Mama ni lipi? Asichorwe simba kabisa?

MFANYABIASHARA: Achorwe anayeishi hapa.

MWALIMU WA SANAA: Hapo makubaliano yanaweza kupatikana, tena kwa faida ya uchoraji wa kutazama. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda, palipo na mikoko na ndege wa majini ambao abiria wanaopita darajani hawajui hata wapo. Chanzoni, katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, chini ya kilomita 40 kutoka sokoni Kariakoo, anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku, anayepatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania na aliyewahi kuorodheshwa miongoni mwa wanyama wa jamii ya nyani na komba walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Watalii hawamfuati, na hakuna klabu iliyojipa jina lake. Darasa likiufuata mto huo mmoja kutoka msituni hadi baharini, likichora kila kituo pamoja na watu wake, machinjio yake, bustani zake za mchicha na nyumba zilizobomolewa Jangwani kwa sababu ya mafuriko, hakutakuwa na nafasi ya mbuga tupu.

MCHORAJI: Komba wa usiku hachoreki kwa kutazama, Mwalimu. Itabidi akumbukwe, au abuniwe.

MWALIMU WA SANAA: Basi sehemu hiyo iwe ya Mzee.

AFISA WANYAMAPORI: Pendekezo la mto linapendeza, isipokuwa maji yenyewe, ambayo katika baadhi ya maeneo si salama kwa mtoto kuyakanyaga, na shule ndiyo itakayowajibika akiugua. Ila kuna tatizo lililo karibu zaidi. Watoto wa Msimbazi wakiambiwa wachore mnyama wa porini anayeishi nao, hawatamchora komba wala korongo wa mikokoni. Watamchora kunguru.

MFANYABIASHARA: Na wamchore. Yupo kila paa, kila nguzo ya umeme, kila rundo la taka za soko.

AFISA WANYAMAPORI: Mama hajaliona tatizo. Kunguru huyo mweusi mwenye shingo ya kijivu ni kiumbe vamizi, yaani kiumbe aliyeletwa na binadamu mahali pasipo pake na kuanza kuwaangamiza wenyeji. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, akavuka hadi bara, na tangu hapo amekula mayai na makinda ya ndege wadogo wa pwani na kumfukuza kunguru wa asili mwenye kifua cheupe, ambaye sasa ni nadra kuonekana jijini. Wahifadhi wamemtega na kumtilia sumu katika kampeni kadhaa, kwa nia ya wazi ya kumwondoa. Mwalimu alianza kwa kudai kwamba mtoto hulinda alichokichora. Iwapo dai hilo ni la kweli, watoto 60 wa darasa la tatu watakaotumia muhula mzima kuutazama mng'ao wa bawa la kunguru watakuwa watetezi wake siku sumu itakapowekwa, na uhifadhi utakuwa umezalisha wapinzani wake. Iwapo si la kweli, somo zima halina msingi.

MWALIMU WA SANAA: Dai lilihusu kutazama, na anayetazama vizuri hamtazami kunguru peke yake. Humtazama akiwa na kinda la chiriku mdomoni, na humtazama juu ya jalala, kwa sababu kunguru hawa huongezeka pale taka zinapoongezeka na sumu hupunguza kundi ambalo jalala hulirejesha. Mtoto aliyechora mambo hayo matatu kwenye karatasi moja ameelewa kuhusu kiumbe vamizi kuliko mtu mzima aliyesoma bango. Na huenda akaiona sumu kuwa ni lazima na bado akasikitika. Hakuna sheria ya uhifadhi inayokataza masikitiko.

MFANYABIASHARA: Jalala hilo litakuwa la nani kwenye picha? Wafanyabiashara wa Kariakoo wanalipa ushuru wa usafi. Soko lenyewe liliungua Julai 2021, watu wakatawanyika barabarani, na taka zikawafuata. Picha ya kunguru juu ya jalala si picha ya ndege tena. Ni malalamiko dhidi ya halmashauri, yameandikwa na watoto, ndani ya shule ambayo halmashauri hiyo hiyo inaisimamia. Mwalimu Mkuu ataibandika ukutani?

AFISA WANYAMAPORI: Hilo linatoka nje ya uhifadhi na kuingia katika siasa za mji.

MFANYABIASHARA: Serengeti tupu haikuwa siasa, ila jalala lililojaa ni siasa?

MCHORAJI: Michoro ya watoto kuhusu wanyama huishia kwenye ukumbi wenye vinywaji baridi, mgeni rasmi akipiga makofi mbele ya tembo wa bluu. Michoro ya kunguru itamtafuta mgeni rasmi wa aina nyingine.

MWALIMU WA SANAA: Basi ioneshwe Kariakoo, kwenye lango la soko, kabla haijapelekwa kokote, na aitwe Afisa wa Afya, aitwe mtu wa halmashauri, na Afisa Wanyamapori awepo ili awajibu watoto watakaouliza kwa nini ndege waliyemchora anauawa.

MFANYABIASHARA: Kwa sharti hilo, wazazi wengi wa mtaa huu watakubali watoto wao watumie kipindi kimoja kwa wiki kuchora. Kwa sharti la tembo wa bluu, hapana.

AFISA WANYAMAPORI: Afisa atakuja. Lakini Mwalimu awaeleze watoto mapema kwamba jibu lake litakuwa ni ndiyo, anauawa, na kwamba atakayekuja kulitoa ndiye anayeagiza sumu.